Ndoa ya Nyuma ya Kambi

"Ugonjwa huu una dawa," muuguzi Kagure alirudia, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwa sababu aliona kwamba mama aliyeketi mbele yake hasikii. "Ni kaswende. Imeonekana kwenye damu. Virusi vya ukimwi huna, kwa hilo tushukuru Mungu. Hii tunakuchoma sindano leo na inaisha. Lakini mzee wa nyumbani asipochomwa, atakurudishia, na ikirudi inamfuata mtoto huko ndani. Anaweza kutoka kabla ya wakati. Anaweza kuzaliwa mgonjwa. Umenielewa, mama?"

Wayua aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa kila neno. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, ambalo sasa lilionekana hata ndani ya buibui, na macho yake yalikuwa kwenye sindano iliyokuwa ikitayarishwa. Lakini moyoni mwake hapakuwa na sindano wala ugonjwa. Palikuwa na mwanamke asiye na sura, amekaa mahali, anacheka.

"Mzee yuko wapi?"

"Ni mwanajeshi. Yuko likizo, alifika juzi."

"Basi wewe una bahati. Wengine tunawatafuta kwa simu mpaka mtoto anazaliwa. Haya, geuka."

"Hapana, Sista. Nitakuja naye kesho. Sichomwi peke yangu."

Kagure alishusha sindano. Alitoka Nyeri miaka mingi iliyopita, na katika chumba kile cha zahanati ya Mtito Andei alikuwa ameona wanawake wakilia, wakizirai na hata wakitukana. Aliyekataa dawa kwa wivu alikuwa hajamwona bado. "Mtoto hangoji hasira zako, mama."

"Kesho, Sista. Naye akiwa hapa."

* * *

Mkahawa wa Bi Syokau ulikuwa kando ya barabara kuu, karibu na msikiti, na madereva Waislamu wa kutoka Mombasa walisimama pale kwa sababu walijua nyama yake imechinjwa vizuri. Wayua ndiye aliyekuwa akipika chapati. Bi Syokau, mama mkwe wake, alimwita Swafia. Jina hilo alilipata siku aliyotamka shahada ili aolewe na Idrisa. Kwao Matiliku, ambako baba yake ni mzee wa kanisa, jina hilo halikutajwa hata mara moja, na yeye hakulalamika. Alijihesabia kuwa ameacha kanisa, jina na meza ya baba yake kwa ajili ya mwanamume mmoja, na kwamba hakuna mwanamke mwingine ambaye angeweza kumpa Idrisa kitu kikubwa kama hicho. Huo ndio uliokuwa utajiri wake.

Alipofika kutoka zahanati alimkuta Idrisa ameketi na madereva wawili, miguu ameinyoosha, amevaa kanzu safi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mpole, mwembamba kuliko alivyokuwa kabla ya jeshi.

"Afande," dereva mmoja alimchokoza, "huko kaskazini warembo wamekuachilia urudi ukiwa mzima kweli?"

"Wacha mambo yako, mzee. Huko ni vumbi na ngamia tu."

"Ngamia! Ati ngamia! Na hiyo chai unayoagiza na iliki nyingi hivyo ulifunzwa na ngamia?"

Wote wakacheka. Idrisa naye akacheka, kisha akanywa chai haraka, na Wayua akakisikiliza kicheko kile jinsi mtu anavyogonga chungu kipya sokoni kujua kama kina ufa. Habari ya iliki ilikuwa kweli. Zamani Idrisa alikuwa akinywa chai ya maziwa na sukari, basi. Tangu arudi alikuwa akiomba iliki, kisha akisema haijatosha.

Wayua alichukua beseni la nguo za safari za mumewe akaenda nyuma kufua. Kazi hiyo angeweza kuiacha hadi kesho, ila mikono yake ilitaka kutafuta. Alipekua mifuko, akanusa kola, akageuza soksi. Hakupata kitu. Kisha akashika shati la bluu, lile alilomshonea vifungo yeye mwenyewe kabla ya likizo iliyopita kwisha, na akaona kwamba viwili si kazi yake.

Wayua alikuwa akishona kifungo haraka, anapitisha uzi mara mbili tatu, anafunga, anakata kwa meno. Hivi viwili vilikuwa vimezungushiwa uzi shingoni, raundi kwa raundi, mpaka vikasimama kama uyoga. Uzi wenyewe ulikuwa umechaguliwa kufanana na shati. Alikaa na shati lile likimdondokea maji mapajani. Tangu asubuhi alikuwa akimwona malaya: mdomo mwekundu, chumba cha lojingi, pesa mkononi, mlango kufungwa. Wayua alikuwa akimchukia mwanamke huyo, lakini pia alikuwa anaanza kumzoea. Sasa yule mwanamke aliketi chini, akavaa mtandio, akatia uzi kwenye sindano. Malaya hashoni kifungo cha mtu.

* * *

Baada ya alasiri wateja walipungua. Idrisa alikuwa ametoka kuswali, akaingia jikoni kutafuta maji. Wayua akamtandikia shati juu ya meza ya unga.

"Nani alishona hivi vifungo?"

"Vifungo gani?"

"Idrisa, usinifanye mjinga."

"Kuna fundi kambini."

"Fundi anatumia cherehani. Huu ni mkono. Mkono wa mtu aliyekaa akapata nafasi. Ni nani?"

Idrisa alitazama mlangoni. Mama yake alikuwa mbele, anafuta meza. Akavuta kigoda, akaketi, na akasema jambo alilokuwa ameamini, safari nzima ya kutoka kaskazini, kwamba litapunguza makosa yake.

"Wayua, sikuzini. Nakuapia. Nilioa."

Jina lile la zamani alikuwa akilitumia anapoogopa tu. Wayua aliegemea ukuta. Ndipo alipoona, na hakupenda kujiona hivyo, kwamba tangu asubuhi alikuwa akimwomba Mungu ampe malaya. Angekuwa malaya, Wayua angemsamehe Idrisa. Labda si mwaka huu, lakini angemsamehe.

"Ulioa."

"Kwa njia yake. Twaha, yule anayetuswalisha, alisoma hutuba ya ndoa. Mashahidi walikuwepo. Nikatoa mahari. Zamu yetu ilipoisha nikampa talaka. Ningekuambia, Wallahi. Nilikuwa natafuta wakati."

"Mahari gani?"

"Hiyo sasa ni ya nini?"

"Ulimpa nini?"

"Kanga. Na msahafu."

"Mimi pia ulinipa msahafu."

"Wake ulikuwa wa jalada la kahawia."

"Asante kwa kubadilisha rangi."

Idrisa akainamisha kichwa. Alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyokuwa mtoto zaidi. Afisa wa afya wa kambi alikuwa amewafundisha vizuri, hakuficha lolote. Mpira ulikuwa bure, kwenye sanduku mlangoni pa ofisi ya zamu, kila mtu anajichotea. Wakristo walichukua huku wakitaniana. Lakini wao vijana wa Kiislamu hawakuligusa sanduku lile. Kuchukua ni kutia nia ya zinaa, tena mbele za watu, halafu uende kusimama safu ya kwanza kwa swala? Na yeye ndiye aliyekuwa mwadhini. Basi wakatafuta halali. Nyuma ya kambi palikuwa na mwanamke anayeuza chai, ameachika, hana mtu. Ukioa umemaliza. Mke havaliwi mpira.

"Sasa nisikilize na mimi," Wayua akasema. "Leo nimepimwa kliniki. Nina kaswende. Umeniletea likizo iliyopita, wewe na halali yako. Kesho usipokwenda kuchomwa, na mimi sichomwi, na huyu mtoto akifa tutamzika pamoja."

"Haiwezekani." Alilisema bila ukali, kama mtu anayesahihisha hesabu. "Ugonjwa huo ni wa zinaa, Wayua. Mimi nilioa."

"Ugonjwa gani?"

Bi Syokau alikuwa mlangoni, kitambaa cha meza begani. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi. Wayua akalitaja jina la ugonjwa. Mama mkwe akakunja kitambaa mara nne, akakiweka.

"Nyumba hii haijawahi kuwa na uchafu huo," akasema. "Hapa madereva wanashinda kutwa. Na wewe, Swafia, ndiye unawapelekea chai."

Wayua alimgeukia mumewe. Lori la makontena lilikuwa likipita, sahani zikatetemeka rafuni, na lori likapita lote, na sahani zikatulia, kabla Idrisa hajafungua mdomo.

"Si yeye, mwaitu. Ni mimi." Akamweleza mama yake habari ya ndoa, safari hii akitazama sakafu.

Uso wa Bi Syokau ulilegea kidogo. Ndoa alikuwa anaijua. "Basi ulipaswa kumwambia mkeo, hilo ndilo kosa. Lakini mwanamume wa Kiislamu akioa, ameoa. Swafia mwanangu, ulipotoka kwenu hukuambiwa hayo?"

"Niliambiwa, mama. Mamangu aliniambia kila siku. Mimi ndiye nilimwambia kwamba Idrisa si wa hivyo."

Bi Syokau alimtazama mwanawe tena, na kuna kitu kikamsumbua. "Huyo mwanamke umesema ameachwa. Na nani?"

"Na Twaha."

"Twaha huyo huyo aliyesoma hutuba?"

"Eeh. Na kabla ya Twaha alikuwa na Hamza. Zamu yake iliisha, akahamishwa."

"Akakaa eda?"

Idrisa akaanza kukunja shati lililokuwa mezani.

"Nakuuliza, Idrisa. Kutoka kwa Twaha mpaka kwako, mwanamke alikaa eda?"

"Twaha alisema mtu akiwa safarini dini inamfanyia wepesi."

"Alikaa?"

"Wiki mbili hivi."

Bi Syokau alitafuta mahali pa kukaa, akaketi juu ya gunia la viazi. "Mimi nilipoachwa na mume wangu wa kwanza, huko Kitui, nilikaa eda kwa shangazi yangu miezi mitatu, nimezeeka kwa kungoja. Nililia. Nilisema sheria hii inanionea. Shangazi akasema ngoja, mwili ujulikane uko peke yake." Alifuta uso kwa kiganja. "Hukuoa, mwanangu. Mlipokezana."

Neno lile ndilo lililofika. Muuguzi, damu, tumbo la mkewe, vyote vilikuwa vimegonga vikarudi. Lakini Idrisa sasa alishika ukingo wa meza, na sauti ikamtoka kama si yake.

"Kulikuwa na kidonda. Mwaka jana. Hakikuuma, kikapona chenyewe. Sikumwonyesha daktari wa kambi. Angeuliza nimekitoa wapi."

Wayua alimsikia mumewe akilia, na hakwenda kumshika. Alikuwa anasikiliza kitu kingine, ndani yake mwenyewe: furaha ndogo, mbaya, iliyoinua kichwa mama mkwe aliposema "hukuoa." Mumewe amezini, ana ugonjwa, amemtia mtoto hatarini, na yeye anafurahi kwa sababu yule mwingine si mke.

* * *

Asubuhi walikwenda zahanati wote wawili. Idrisa alivaa kofia pana iliyofunika nusu ya uso, jambo ambalo halikumsaidia.

"Afande! Umerudi lini?" mlinzi akapaza sauti langoni.

Kwenye benchi walimkuta Mama Gedion, aliyeimba kwaya moja na Wayua huko Matiliku kabla ya kuolewa huku. Akasogea kuwapisha, akiwatazama kwa zamu.

"Wayua! Ama siku hizi ni nani vile? Na mzee amekusindikiza kliniki! Yangu macho." Akamgeukia mwenzake. "Wetu hata hawajui mlango wa kliniki unafunguka upande gani. Haki dada, wewe umepata mume."

"Nimepata," Wayua akasema.

Walichomwa, yeye kwanza, Idrisa baadaye, na Kagure akawaonya wasikutane kimwili mpaka atakapowaruhusu. Hakuhubiri. Aliosha mikono, akauliza jambo moja akiwa amewapa mgongo. "Na yule mwingine?"

"Nilimwacha, Sista," Idrisa akasema.

"Kaswende haijui kuachana. Unarudi kazini wapi?"

"Pale pale. Tumepangiwa zamu nyingine."

Wayua aligeuka. "Pale pale wapi?"

"Kambi ile ile. Si mimi ninayepanga."

"Na ulikuwa unaniambia lini?"

"Mama," Kagure akaingilia, "mtagombana mkifika nyumbani. Mimi naona hivi. Huyo dada asipotibiwa, ugonjwa umekaa hapo getini unangoja. Atakayempata ataondoka nao. Mpigieni simu. Yeye pia ni mtu."

Nje, karibu na tangi la maji, Idrisa alipiga. Wayua alisikia sauti ya kike ikipokea, kali, "Umesahau nini huku?" Idrisa akasema, "Maimuna, kuna ugonjwa, inafaa upimwe," na sauti ikapanda: "Sasa umenifanya malaya?" Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa. Akapiga tena. Mwishowe akasimama ameishika simu kama kitu kilichomwunguza.

"Nimejaribu," akasema.

Wayua alimtazama. Angesema ndiyo, umejaribu, na warudi nyumbani. Lakini baada ya siku chache mwanamume huyu atapanda basi la kwenda kaskazini. Ataapa, na atakapokuwa anaapa atakuwa anamaanisha. Wayua alijua sasa jinsi alivyokuwa akimaanisha mambo.

"Nisomee namba."

Akapiga kwa simu yake mwenyewe. Ilipokelewa upesi. Nyuma ya sauti kulikuwa na vikombe vinavyosuuzwa.

"Haloo, nani?"

"Naitwa Wayua. Niko Mtito Andei. Ni juu ya Idrisa."

"Mwambie aache kutuma watu. Wewe ni dada yake?"

"Mimi ni mke wake."

Vikombe vikanyamaza.

"Mimi pia nilikuwa," sauti ikasema.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Wayua. Hukuwa. Hukukaa hata eda. Walipokezana. Yangetosha, angemmaliza yule mwanamke kwa sentensi moja, na simu ingekatwa. Akayashikilia kwa meno, na badala yake akauliza jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

"Hilo jina Maimuna ni la kuzaliwa?"

"La kuzaliwa ni Wacuka. Nilisilimu kwa sababu yake. Wale wengine hawakujali mimi ni nani. Yeye ndiye alisema haoi mtu asiyeswali naye." Sauti ilikuwa changa kuliko Wayua alivyotarajia. "Na bado naswali, kama anataka kujua. Mwambie."

Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa yeye, Matiliku, nyuma ya duka la mbolea. Haoi mtu asiyeswali naye. Wayua alishika bomba la tangi. Kifungo alikuwa ameweza kukimeza, na chai ya iliki, na msahafu wa kahawia. Hili halikumezeka. Idrisa alikuwa anamtazama, akitaka kujua wanasema nini. Akampa mgongo.

"Uko hapo?" sauti ikauliza. "Kama umepiga kunitukana, tukana basi, nina wateja. Kuna mwingine anataka kunioa mwezi huu, kijana mzuri. Maneno yenu nimechoka nayo."

"Usikate. Nisikilize, mke mwenzangu."

Upande wa pili kikombe kikawekwa chini.

"Nina mimba," Wayua akasema. "Wamenipima, nina kaswende. Na yeye anayo. Sikuiti malaya, ingekuwa hivyo na mimi ningekuwa ndiye. Nenda hospitali ya serikali, waambie wakupime hiyo, wakuchome. Na huyo kijana asikuoe kabla hamjapimwa wote. Na safari hii ukae eda. Hata kama watakuambia dini ni nyepesi, kaa."

"Umeniitaje?"

"Umesikia."

"Hakuna aliyewahi kuniita hivyo." Pua ikavutwa. "Nilikuwa namwambia, hata kama una mke kwenu, si utujulishe, nimwamkie. Anasema kuna wakati. Sindano inauma?"

"Inauma sana. Lakini utatembea. Nenda asubuhi, kabla ya wateja."

"Nitaenda."

"Nitapiga nikuulize."

"Piga."

Wayua aliirudisha simu mfukoni mwa buibui. Wivu ulikuwa palepale, mzima, haukupungua hata kidogo. Idrisa alisogea.

"Atakwenda?"

"Atakwenda. Toa simu yako, umpigie Twaha. Halafu Hamza. Nao wana wake huko kwao."

"Wayua, Twaha ni mkubwa wangu. Nitamwambiaje?"

"Utajua wewe. Mimi wangu nimemaliza."

Akasimama mbele yake, mkono kiunoni, watu wa benchi wakitazama, mpaka aliposikia simu ya mumewe inaita.